UZI: Unataka kujitegemea kwenye uandishi na tafsiri za kitabibu? Anzia dirisha la dawa

#1 | Mleta uzi, Tanga

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Napata ujumbe mwingi PM kutoka kwa wauguzi, wafamasia na vijana waliosoma Kiswahili chuoni, wote wakiuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii ninayoifanya nyumbani. Nimeona nijibu hapa kwa kirefu, ili na wengine waliomo wanisahihishe.

Kazi yenyewe watu huiita mawasiliano ya kitabibu. Kuna habari ya dawa, chanjo au utafiti, na kuna mtu anayepaswa kuielewa kabla hajameza, hajachanjwa au hajatia sahihi. Mimi nakaa katikati. Wiki hii naweza kuwa na fomu ya ridhaa ya utafiti, wiki ijayo kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, halafu mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, au muhtasari wa matokeo ya kurudisha kijijini baada ya utafiti kwisha. Mara chache nasaidia watafiti kuandika makala ya jarida. Sina mwajiri. Nina TIN, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, meza, na wateja ambao wengi wao sijawahi kuonana nao.

Kabla ya hapo nilikuwa mfamasia hospitali ya wilaya, na kila ninachokijua cha maana kwenye kazi hii nilikipata dirisha la dawa.

Siku moja nilimpa mama mmoja dawa mseto ya malaria ya mtoto wake. Dozi yake ni sita kwa siku tatu. Ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Ya kwanza tulimpa mtoto pale pale dirishani, ilikuwa kama saa 5 asubuhi. Nikamwambia mama kwa sauti ya kusikika: "Ya pili umpe baada ya saa nane." Kesho yake alirudi kuuliza jambo jingine, nikamuuliza dozi ya pili alimpa saa ngapi. "Saa nane na nusu mchana, kama ulivyosema." Yaani saa tatu na nusu tu tangu ile ya kwanza. Mama wa watu alikuwa amenitii neno kwa neno. Aliyekosea ni mimi.

Mtoto alipona, nashukuru. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Sentensi yangu ilikuwa sanifu, haina kosa hata moja la sarufi, na ilikuwa na maana mbili. Mhariri yeyote akikuta umeandika "masaa nane" ataikata "ma" kwa kalamu nyekundu. Uswahilini kwetu, hiyo "ma" ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba unazungumzia muda, si mshale wa saa. Siku hizi naandika hivi: "Ukimpa ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili mpe saa 12 jioni." Nafasi ikiwepo nachora na jua.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu anayeniuliza "niwe na vyeti gani" namjibu kwanza kwa swali: umewahi kusimama mbele ya mtu aliyekuelewa vibaya, ukajua ni wewe uliyemkosesha? Kama bado, kaa kituo cha afya miezi kadhaa, hata kwa kujitolea, ukisikiliza watu wanavyorudia maelezo waliyopewa.

Nitaendelea jioni.

#2 | Mdau, Mwanza

Mkuu, hapo kwenye saa umenigusa. Duka letu la dawa tulipokea katoni za dawa zilizoandikwa Kiswahili huko huko zilikotoka: "meza saa 8 asubuhi". Waliona nane kwenye Kiingereza wakaandika nane. Kwetu saa 8 asubuhi haipo, labda usiku wa manane. Tulikaa tukibandika vibandiko boksi moja moja.

Swali langu ni pesa. Unatoza kwa neno au kwa ukurasa?

#3 | Mleta uzi, Tanga

Mkuu wa Mwanza, swali lako nitalijibu kupitia kosa langu kubwa kuliko lile la dirishani.

Nilipoanza nilitoza kwa neno, kama mawakala wa tafsiri walivyotaka. Nikapata kazi ya fomu ya ridhaa ya utafiti wa watoto, kurasa 14. Wanaoijua kazi hii wanajua safari ya fomu. Hapa kwetu utafiti wa tiba hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili, ya kitaifa ikiwa ile ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kamati inataka fomu ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza. Kwa hiyo fomu inatafsiriwa, kisha mtu mwingine ambaye hajaona Kiingereza anairudisha kwa Kiingereza, halafu wa tatu analinganisha Kiingereza cha kwanza na hicho kilichorudi. Penye tofauti anaweka alama.

Kwenye fomu ile palikuwa na sehemu inayoeleza kwamba kila mtoto ataingia kundi hili au lile bila mtu yeyote kuchagua. Niliandika: "Si wewe wala daktari atakayechagua mtoto aingie kundi gani. Kompyuta ndiyo itakayopanga, kama vile kurusha shilingi." Ilipofika kwa mlinganishaji, alama nyekundu: umeongeza maneno, rekebisha. Nikaeleza. Ikarudi tena: rekebisha, tarehe ya mwisho ni kesho. Nikaandika walichokitaka: "Mtoto wako atawekwa kwenye kundi bila mpangilio." Hiyo ikaenda na kurudi safi kabisa, bila alama hata moja.

Miezi baadaye nilikutana na muuguzi aliyekuwa akisomea wazazi fomu ile. Aliniambia wazazi walikuwa wakimuuliza kwa nini utafiti wa watu wasomi hauna mpangilio. Mmoja alimwambia mumewe kwamba pale watoto wanawekwa holela, na hakurudi.

Hili naomba lisomwe polepole na kila anayetaka kazi hii. Tafsiri ya kurudisha ina faida: inakamata namba zilizorukwa, "si" iliyosahaulika, aya iliyopotea. Lakini ina ugonjwa wake. Kiswahili kibovu, kile kilichofuata Kiingereza neno kwa neno, kinarudi Kiingereza kizuri sana. Kiswahili cha mtu anayeongea na mwenzake kinarudi na tofauti, na kila tofauti inahesabiwa kuwa kosa lako. Kama unalipwa kwa neno, ukibishana unabishana kwa hasara yako mwenyewe: saa mbili za kutetea sentensi moja yenye maneno 20. Ndiyo maana nilikubali. Siwalaumu wale peke yao. Bei niliyojiwekea ndiyo iliyonifanya nikose nguvu ya kukataa.

Tangu hapo natoza kwa siku za kazi, na ndani ya siku hizo kuna vitu vitatu ninavyoviandika kwenye makadirio kwa majina yake: kuandika, kujaribu kwa wasomaji, na kujibu hoja za mlinganishaji. Kujaribu maana yake nachukua rasimu, namsomea fundi cherehani wa jirani, dada anayeuza vitumbua pale stendi, na mzee mmoja mstaafu wa reli. Nawalipa muda wao. Siwaulizi "umeelewa?" kwa sababu mtu muungwana atasema ndiyo. Namwambia: "Nieleze kama unamweleza shangazi yako, huyu mtoto watamfanya nini?" Anachosema nakiandika neno kwa neno, na ndicho ninachoambatisha ninapojibu alama nyekundu. Mlinganishaji wa ng'ambo anaweza kubishana nami. Fundi cherehani akisema "kumbe hawa hawana mpango", mlinganishaji hana cha kujibu.

Wateja wengine walikimbia walipoona makadirio. Waliobaki wananitosha.

#4 | Mdau, Kilifi

Asante sana kwa uzi huu. Mimi ni mfanyakazi wa nyanjani huku Kilifi, kazi yangu ni kusomea watu hizo fomu. Kwetu inabidi Kiswahili na Kigiriama pia, maana kuna kina mama ambao Kiswahili cha kwenye karatasi ni lugha ya shule kwao.

Naongeza mawili. Kwanza ni damu. Fomu inasema "mililita 10". Hakuna anayeijua mililita, lakini "vijiko viwili vya chai" kila mtu ameviona. Usipotaja kijiko, mtu anafikiria chupa. Na hapa pwani mtu akifikiria chupa ya damu, anafikiria mumiani, wale wanyonya damu wa hadithini. Bibi zetu walitukataza kutembea jioni kwa sababu ya mumiani. Kwa hiyo fomu lazima iseme damu inapelekwa wapi, inapimwa nini, na ikibaki inafanywa nini. Ukiacha nafasi tupu, hadithi ya zamani inaijaza.

Pili ni kundi la kulinganisha, yaani wale wasiopewa dawa au chanjo inayojaribiwa. Kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, ambayo WHO iliipendekeza Oktoba 2023 na ambayo yalifanyika huku kwetu na Bagamoyo miongoni mwa sehemu nyingine, watoto wa kundi la kulinganisha walipata chanjo ya kichaa cha mbwa. Hebu jiweke nafasi ya mzazi: umekuja kwa ajili ya malaria, unaambiwa mwanao huenda akapata ya mbwa! Sababu ipo, na ni nzuri. Huyo mtoto naye apate kitu cha manufaa badala ya sindano ya maji matupu, na mzazi asijue nani kapata nini. Lakini hiyo sababu lazima iandikwe kwa lugha ya mzazi. Mara nyingi sisi wa nyanjani ndio tunaoieleza kwa mdomo, kila mmoja kivyake.

#5 | Mleta uzi, Tanga

Ndugu yangu wa Kilifi, "kila mmoja kivyake" ndilo tatizo lenyewe. Mwandishi akilipwa kukaa siku mbili na nyinyi kabla hajaandika, nusu ya maelezo hayo ya mdomo yangekuwa kwenye karatasi. Nitaliingiza kwenye makadirio yangu.

Na kwa wanaoanza, maneno ya kutembea nayo kwa tahadhari. "Kipimo" ni kile cha maabara, ni kiasi cha dawa, na ni rula pia. Sentensi yenye "kipimo" mara tatu kwa maana tatu nimeikuta kwenye karatasi iliyokwisha chapishwa. Kiasi cha dawa naandika "dozi", watu wanalijua. "Homa" kwa wengi ni malaria yenyewe, kwa hiyo ukitaka joto la mwili sema joto la mwili. "Majibu chanya" usithubutu. Mtu akisikia chanya anafurahi, kumbe umemwambia ana maambukizi. Na "madhara": kwenye uzazi wa mpango wahudumu huita yale madogo "maudhi madogo madogo", neno zuri linalomwambia mama atasumbuka lakini hataumia. Lakini usilitumie kwenye jambo zito ili kumtuliza mtu. Kama dawa inaweza kudhuru ini, andika inaweza kudhuru ini.

#6 | Mdau, Goma

Jambo kwenu bandugu. Miye niko Goma, nilifanya kazi ya kupasha habari wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ile iliyoanza Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Ninawaomba mwelewe: kuandika "Kiswahili" tu haitoshi. Affiche (mabango) zingine zilikuja na Kiswahili sanifu cha kwenu. Watu wa huku waliheshimu ile lugha lakini hawakuielewa yote, na habari ya Ebola haipaswi kueleweka nusu. Mfano mmoja tu: kwetu munganga ndiye daktari wa hospitali. Nikisema "nenda kwa munganga", namtuma mtu hospitali.

#7 | Mleta uzi, Tanga

Ndugu wa Goma, mfano wako ni wa dhahabu. Huku Tanga ukimwambia mtu "nenda kwa mganga", wengi watafikiria wa mitishamba na hirizi, ingawa serikalini tuna Mganga Mkuu na waganga wakuu wa wilaya. Neno moja, safari mbili tofauti. Niliwahi kuletewa kazi iliyoandikwa "Kiswahili, nchi 4", faili moja. Siku hizi naandika barua fupi kwamba ninaandika kwa msomaji wa Tanzania, na kwa Kongo mteja amtafute mtu wa Kongo. Napoteza pesa kidogo, silali na wasiwasi.

#8 | Mdau, Dodoma

Mkuu tuambie mambo ya mkataba. Mimi nimefanya kazi mbili za namna hii, zote nimelipwa kwa kusuasua.

#9 | Mleta uzi, Tanga

Pole sana. Na mimi nimepita humo. Kampuni moja ilikaa na ankara yangu karibu miezi mitano, kila nikiuliza naambiwa ipo kwa mhasibu.

Siku hizi sianzi bila karatasi, hata barua pepe moja inayosema kazi ni ipi, marekebisho ni mizunguko mingapi (mimi naweka miwili, wa tatu unalipiwa), na ankara inalipwa ndani ya siku ngapi tangu lini. Hiyo "tangu lini" iangalie sana. Siku 45 tangu ankara si sawa na siku 45 tangu mteja wao alipowalipa wao. Kwa mteja mpya nataka sehemu ya malipo kabla ya kuanza. Pesa ikitoka ng'ambo hupita benki za kati na kila moja inakata chake, kwa hiyo andikeni nani anabeba makato. Mteja wa hapa nyumbani atakukata kodi ya zuio asilimia 5. Ni halali, ila mdai cheti chake siku hiyo hiyo, kwa sababu ndicho utakachoonyesha TRA kwamba sehemu ya kodi yako imekwisha lipwa. Wengi wanakisahau na kulipa mara mbili.

Kuhusu makala za majarida: ukisaidia watafiti kuandika, jina lako halikai kwenye orodha ya waandishi kwa sababu tu uliandika. Masharti ya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ni manne na yote yatimie: mchango mkubwa kwenye utafiti wenyewe au data zake, kuandika au kuhakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Lakini pia usikubali kufichwa. Jina lako na aliyekulipa vitajwe kwenye shukrani. Mteja akikwambia "wewe usionekane", jiulize anamficha nani asijue nini. Mimi kazi ya hivyo niliirudisha.

La mwisho kwenye hili, programu za kutafsiri. Nazitumia kutafuta istilahi. Taarifa ya mgonjwa siiweki humo kamwe, hata jina likiwa limefutwa, kwa sababu umri, kijiji na ugonjwa adimu vinatosha kumtambulisha mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, huyo ni mgonjwa wa mtu. Wateja wengine sasa wanaleta tafsiri ya mashine wakisema "pitia tu" kwa robo ya bei. Ukipitia utakuta "bila mpangilio" yangu ile ile imekusubiri. Tozeni siku kamili.

#10 | Mdau, Pangani

Dada yangu, uzi mzuri, lakini nina neno kuhusu "kurusha shilingi". Mimi nina wazee msikitini ambao ukiwasomea hilo watakwambia hii ni kamari. Na "bahati nasibu" ndiyo mbaya zaidi, hilo ni jina la mchezo wa pesa kabisa. Kwa nini usiseme kama tunavyookota vikaratasi kwenye upatu? Kina mama wote wanaujua.

#11 | Mleta uzi, Tanga

Kaka yangu wa Pangani, nimekaa na hoja yako tangu jana. Kwenye kamari umenishinda, sikuwa nimelifikiria. Mzee wangu wa reli ni Mkristo na fundi cherehani ni kijana, ndiyo maana hakuna aliyelisema.

Upatu nimeujaribu leo asubuhi kwa dada wa vitumbua. Alielewa papo hapo, akafurahi, kisha akasema: "Kwa hiyo asiyepata mwezi huu atapata ujao." Hapo ndipo penye shida. Kwenye upatu kila mwanachama mwishowe anapokea. Kwenye utafiti mwingi, aliyeingia kundi la kulinganisha hapewi ile dawa mpya baadaye. Nikitumia upatu nitakuwa nimeahidi kitu ambacho fomu haiahidi.

#12 | Mdau, Kilifi

Vikaratasi viache, upatu utoe. Sisi huwaambia: ni kama watoto wawili wanataka kiti kimoja mbele ya gari, mama anakunja vikaratasi viwili, kila mtoto anaokota bila kuangalia. Aliyekosa amekosa, na hakuna aliyependelewa.

#13 | Mdau, Pangani

Hiyo haina kamari ndani yake. Mimi naikubali, na wazee nitawasomea Ijumaa.

#14 | Mleta uzi, Tanga

Nimeiandika hivi: "Si wewe, si daktari, wala si sisi tutakaochagua. Kompyuta itapanga, kama mama anavyokunja vikaratasi viwili na kila mtoto akaokota kimoja bila kuangalia. Mtoto atakayeingia kundi la pili hatapewa dawa mpya, sasa wala baadaye."

Hiyo ya mwisho naihakiki kwanza na watafiti wenyewe, kwa sababu tafiti nyingine hutoa chanjo kwa wote mwishoni, na hapo itabidi sentensi ibadilike. Jumatatu naanza na fundi cherehani, halafu naongeza mzee mmoja wa msikiti wa barabara ya kwetu. Mrejesho nitauleta hapa hapa.